Udi Juu ya Oili Chafu

Kilichoninyima usingizi wiki aliyorudi dada yangu Rahma kutoka hospitali na mwanawe mchanga ni harufu ya udi. Chini ya udi ule kulikuwa na harufu nyingine niliyoijua tangu utotoni, ya oili chafu ya gari ikiungua. Na chini ya harufu zote mbili kulikuwa na swali nililoligeuza huku na huku mpaka likanichosha: nikisema kwamba moshi wa jiko lile ni sumu, si nitakuwa nimemwambia Baba kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake?

Watu hucheka nikiwaambia kwamba nyumbani kwetu, mtaa wa Darsait, tulikuwa na jiko la kuota moto. Maskati, mji ambao kiangazi hata maji ya bomba huunguza mkono, nani anaota moto? Lakini nyumba yetu ya matofali ya saruji ilijibanza mgongoni mwa jabali, na katika miezi ya baridi ubaridi ulitoka ukutani kama jasho. Bibi, mama yake Baba, alizaliwa Unguja na hakuwahi kuizoea nchi hii. "Nna baridi ya mifupa mie, si ya ngozi," akisema. Baba, aliyekuwa na gereji chini ya nyumba, akachukua mtungi wa gesi uliokwisha kazi, akaukata mlango, akautia miguu, na juu yake akafunga kopo la oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini za wateja. Kopo lilikuwa na koki ndogo, oili ikadondoka tone kwa tone juu ya chuma chenye moto. Kiyoyozi kikatolewa ukutani, bomba la moshi likapitishwa kwenye tundu lake, na nafasi iliyobaki ikazibwa kwa vipande vya bati. Bibi alimwombea dua mwanawe mpaka machozi yakamtoka. Sikupata kumwona akipenda zawadi vile.

Mimi nilikuwa nikilala naye. Naisikia hata leo sauti ile: tone, kimya, tone, kisha mvumo mdogo wa moto. Asubuhi tukiamka vichwa vinatuuma sote wawili, na leso aliyokoholea Bibi ina weusi. Yeye hakulishuku jiko, alishuku jicho. Kuna watu, akasema, wanamwonea kijicho kwa kuwa na mtoto anayemjali, na jicho dawa yake ni ubani na udi. Basi akafukiza chumba, nguo, na nywele zangu. Kadiri vichwa vilivyouma ndivyo alivyofukiza, na kadiri alivyofukiza ndivyo pua zetu zilivyoisahau oili. Mwenyewe alitania kwamba chumba chetu kinanukia kama bi harusi aliyelala gereji. Wageni wakitusifia udi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Sisi chetu tulikitia na manukato. Baridi ya mwaka ule haikwisha, Bibi akafariki. Maji ya kumwoshea yalipashwa moto juu ya jiko lile lile. Daktari alisema mapafu na umri, watu wakasema siku zake zimetimia, na jiko likapandishwa juu ya paa bila mtu kuuliza zaidi.

Leo nimehitimu kemia. Najua oili iliyokwisha tumika hubeba nini, najua moto unaokosa pumzi hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu. Najua pia kwamba mzee wa umri wa Bibi huweza kufa kwa mengi. Utotoni sikujua lolote na nililala fofofo. Sasa najua nusu, na nusu hiyo hailazi mtu. Rahma alipokuja kukaa arobaini kwetu, Baba aliliteremsha jiko, akalisugua kutu akiimba chini kwa chini, kama mtu aliyerudishiwa mama wa kumwotesha moto. Kila nilipofungua mdomo niliuona uso wake, nikaufumba.

Asubuhi moja niliingia chumbani kwa Rahma na sinia la chai, jiko linawaka. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa akimfukiza mtoto. Rahma akasema, kwa upole wake, kwamba kichwa kinamuuma tangu alfajiri; pengine ni jicho.

Nikaweka sinia chini, nikafunga koki, nikafungua madirisha yote mawili.

"Kusoma kote huko," Shangazi akasema, "ndio uje kumtia mzazi upepo?"

Baba alikuwa kashafika mlangoni. Nikamwambia yeye, si Shangazi, kwamba mtoto asilale na moshi huu, kwamba ni sumu. Akaligeukia jiko.

"Na Bibi yako?"

"Sijui, Baba. Wallahi sijui. La huyu nalijua."

Baba alivua kilemba chake, akalichomoa nacho bomba ukutani, kisha ncha moja akauzungushia mkono wake, ya pili akanipa mimi. Tukalitoa jiko nje sote wawili, lingali na moto.