Ukurasa wa Kaka

Kule kwetu Mbuchi mtandao ulikuwa haukamatiki, kwa hiyo kutengeneza tovuti nilijifunza kwa kitabu na kompyuta ya kuazima, nikiichaji kwa sola ya jirani. Ukurasa wangu wa kwanza niliutengeneza kwa ajili ya kaka yangu, aliyeondoka nyumbani akakata mawasiliano. Niliweka picha yake, chini nikaandika: "Mama anakuulizia."

Ulipofunguka vizuri, nilimwita mama. Aliigusa picha kwa kidole.

"Na yeye huko aliko anauona?"

"Hapana, mama. Uko humu ndani tu."

"Basi utoe humo, mwanangu, auone."

Nilifungua sura ya mwisho, ya kuupeleka ukurasa mtandaoni. Ilisema maelezo yote yanapatikana kwenye tovuti ya kitabu. Mama alikuwa bado amesimama nyuma yangu, akisubiri.