Kumpandisha Mtoto Bugarama

Binti yangu anataka tupande mlima kwa miguu, mimi na yeye, kutoka hapa Rumonge mpaka Bugarama, tulale huko na kurudi. Begi la shule ameshalimwaga vitabu vyote. Kwenye simu yangu amesoma vitu vya kubeba: maji, kofia, sweta, filimbi. Filimbi! Nikamwuliza ni ya kumwita nani. Akasema ukipotea unapuliza, watu wanakuja. Nilicheka, kisha nikatoka uani kuanua nguo zikiwa bado mbichi.

Mimi sikupandishwa mlima na begi, rafiki yangu. Nilipandishwa huko huko Bugarama na bibi, mzaa mama, nikiwa na umri kama wa binti huyu, na mzigo ulikuwa kichwani. Bibi aliuza mawese na ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni. Alipoona nimekua, matayarisho yalianza uani siku nyingi kabla ya safari. Alinisokotea ngata ya majani makavu ya mgomba, akaniwekea juu yake bidoni ndogo ya maji, akaniamuru nizunguke nyumba. Nikimwaga, jirani yetu muuza vitumbua anapiga kelele: "Yewe! Huyu atawafikishia kifuniko tu!" Mimi nanuna, bibi anajaza tena.

Nilipozoea, maji yakatoka, yakaingia mawese. Ndagala bibi alizichagua mwenyewe mkekani, zile zilizokauka vizuri, akazipeta mchanga wote ukatoka. Akaongeza chumvi na kipande cha sabuni. Chakula cha njiani hakikuwepo, hata muhogo mmoja. Nilipouliza tutakula nini, alinitazama kama nimemtukana. "Unaenda kwa watu na chakula chako? Watasema tunawazarau!"

Maana enzi zile, huku kwetu ziwani, nyumba nyingi zilikuwa na nyumba rafiki huko juu milimani. Sisi tunapeleka samaki na mafuta, wao wanatupa maharage na ndizi, na siku mambo yakiharibika mjini unajua pa kukimbilia. Ndiyo maana mtoto alipelekwa, ili sura yake ijulikane, asije akafika peke yake siku ya shida akaanza kuhojiwa mlangoni.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Tukapita kwenye michikichi, harufu ya mawese yanayochemshwa ikatufuata mpaka njia ilipoanza kusimama wima. Shingo iliniuma, weee! Kadiri tulivyopanda ziwa lilizidi kuwa pana nyuma yetu, na kwa kuwa nilibeba bidoni sikuweza kugeuka, bibi alikuwa akinisimulia anachokiona: mitumbwi, paa za msikiti, milima ya Kongo ng'ambo ya pili.

Mama wa kule juu, rafiki yake bibi, alitupokea mizigo kwanza, ndipo zikaja salamu, amahoro ndefu zisizokwisha. Wao walikuwa Wakristo, sisi Waislamu, na ukutani kwake palitundikwa sufuria moja peke yake. Ilikuwa yetu. Haikuwahi kupikiwa nguruwe, na tukiondoka inaoshwa na kurudishwa pale pale. Alitupikia maharage humo, akayatia mawese niliyoyabeba mimi, na sijala kitu kitamu kama kile mpaka leo.

Tulipomaliza, bibi alinishika mabega akanisogeza karibu na moto. "Mumuangalie vizuri. Huyu iko mutoto wangu. Siku atakuja, musimuulize." Yule mama akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Nimemuona," akasema. Yakaisha. Nililala katikati ya watoto wake, baridi imetubana chini ya blanketi moja, na sijawahi tena kujiona nina watu wengi kiasi kile.

Bibi alishafariki. Ndugu zangu mmoja yuko Kigoma, wengine Bujumbura, tunatumiana salamu za Idi, basi. Baba wa binti ana nyumba nyingine. Kwa hiyo mtoto alipotaja Bugarama, mimi sikuwaza mlima. Niliwaza kwamba nikifa leo, mwanangu hana mlango hata mmoja wa kubisha. Nikahangaika sokoni kwa wauza maharage mpaka nikapata namba ya mtoto mmoja wa yule mama. Aliitikia akiwa Bujumbura.

"Dada, maman tulishamuzika," akasema kwa upole. "Na nyumba tuliuza. Kule juu hatuna mutu tena."

Nikampa pole, akasema murakoze, kisha salio likaniishia. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Zile nyumba mbili zilishikwa na wanawake wawili tu, nao wamelala udongoni, na sisi watoto wao tulidhani zitajishika zenyewe.

Safari sikuivunja. Jana jioni tulipanga begi: mayai ya kuchemsha, mikate, chapati, maji ya kutosha. Begi likawa zito. Binti akalivaa, akazunguka sebuleni kwa madaha, halafu akasimama mbele yangu nimkazie mikanda.

"Mama, huko juu tutalala kwa nani?"

Niliendelea kuvuta mkanda, ingawa ulikuwa umekaza tayari.

"Hatulali, mwanangu," nikamwambia. "Tukifika tutakula chakula chetu, tutarudi."