Mtu wa Tano katika Kadi ya Ghala

Mwaka 1983, mwishoni mwa msimu wa tende, nilipokuwa na umri wa miaka thelathini na minane, lilifunguliwa hapa Nizwa, Oman, ghala la jumuiya ya ushirika, kando ya barabara inayokwenda Tanuf. Nilikuwa mjane wa miaka mitatu na nusu, mama wa watoto watatu, na mhudumu katika shule ya wasichana, kazi niliyoipata kwa kusoma mwenyewe tangazo lililobandikwa mlangoni. Nalitaja hilo kwa sababu hadi Januari 1981 nisingeweza kulisoma. Unguja, nilikozaliwa, nilipelekwa chuoni, nikahitimu msahafu. Herufi nilizitambua, lakini barua na matangazo hayakuniambia kitu. Madarasa ya watu wazima niliyaanza baada ya kutoka eda, na tangu hapo sikukubali tena kusomewa.

Ghala lile halikuwa duka kama tulivyozoea maduka. Halikuwa na kaunta wala mizani, na hapakuwa na mtu wa kupunguziana naye bei. Ulikuwa ukumbi mrefu wa saruji, magunia ya mchele yamepangwa mpaka karibu na dari, makatoni ya mafuta, madebe ya samli, makopo makubwa ya maziwa ya unga. Kitu hakikufunguliwa. Ukitaka sukari unabeba gunia la sukari. Ukitaka nusu yake, unarudi sokoni. Na hukuingia ila kwa kadi, nayo kadi ilikuwa na ada yake ya kila mwaka.

Mara ya kwanza nilipoingia nilisimama katikati ya ukumbi nikamkumbuka mama yangu. Yeye alinunua cha siku kwa siku hiyo. Asubuhi alinituma sukari ya robo na majani ya chai yaliyofungwa kwenye karatasi yenye pembe tatu. Alasiri alinituma tena mafuta ya nazi, nikashika chupa shingoni kwa vidole viwili, muuzaji akiyapima kwa kikombe cha bati chenye mkono mrefu. Nilipokuwa na miaka tisa nilifika dukani mara tatu kwa siku na nikazijua habari zote za mtaa. Jiko la mama halikuwa na akiba ya kuzidi kesho, na sikumbuki siku tuliyolala bila kula. Harufu ya duka lile, karafuu na mafuta ya taa na sabuni ya mche, ningeitambua hata leo nikiwa nimefumba macho. Ghalani hapakuwa na harufu ila ya magunia mapya.

Masharti yalibandikwa ukutani, nikayasoma yote nikiwa nimesimama. Kadi ilitolewa kwa familia yenye watu wasiopungua watano wanaokula pamoja. Familia iliyo chini ya hapo iliruhusiwa kuingia katika kadi ya jamaa. Sababu ilikuwa ya maana: vitu viliuzwa kwa bei ya jumla, na jumuiya haikutaka mtu achukue magunia asiyoweza kuyala akayauze. Mimi na wanangu tulikuwa wanne.

Shemegi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja jioni ile ile. Alikuwa mtu wa serikali, mwema, mwenye sauti kubwa, na nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu.

"Shemegi, usihangaike na fomu," aliniambia. "Mie nishachukua kadi. Wewe na watoto mnaingia kwangu, khalas. Gunia likifika, mnakuja kuchukua fungu lenu."

"Na mchele nikiutaka wa aina nyengine?"

"Mchele ni mchele."

"Hayo ni maneno ya mwanamme asiyepika."

Akacheka. "Basi pika wewe, mie nile nikuhukumu."

Nikakubali kwa majaribio, tangu Jumamosi ya tarehe 10 Septemba. Ikawa kila nikiishiwa nachukua beseni, najifunga buibui, nakwenda kwa shemegi. Mkewe alinipokea vizuri; sikumwona hata mara moja amenuna. Alitia bakuli ndani ya gunia, akapima, akapima, kisha akaongeza bakuli moja zaidi. "Na hili la watoto," akasema. Ni bakuli hilo la mwisho lililonichoma. Lile fungu nililihesabu kuwa langu, kwa sababu nililitolea fedha. La mwisho lilikuwa sadaka, na sikuwa na namna ya kulikataa bila ya kumvunjia adabu mwanamke aliyenitendea wema.

Haya yangeweza kuendelea miaka. Siku moja mwanzoni mwa Oktoba jirani alipita mlangoni akamuuliza binti yangu mdogo, aliyekuwa na miaka minane, tunapika nini. Mtoto akajibu kwa furaha, "Leo tunapika mchele wa ami." Alimaanisha mchele mzuri, mrefu, kutoka kwa ami yake, yaani shemegi. Jirani akacheka akaenda zake. Mimi nilibaki mbele ya sufuria ile nikafahamu kwamba watoto wangu walikuwa wanakua wakijua chakula chao ni cha nyumba nyengine. Marehemu baba yao hakuacha mali, lakini aliacha nyumba inayojipikia. Nikaazimia kupata kadi yangu au kurudi sokoni moja kwa moja.

Kwanza nilitaka kujua kama kadi yenyewe ina faida, maana kuidai kwa kiburi tu kungekuwa upumbavu. Nilichukua daftari la masomo, na kuanzia Jumamosi ya tarehe 8 Oktoba hadi Jumatano ya tarehe 16 Novemba, siku arubaini kamili, niliandika kila kilichoingia chunguni. Natoa matokeo kwa faida ya mwenye nyumba ndogo kama yangu. Mchele, mafuta, sukari, sabuni na maziwa ya unga vinafaa kununuliwa kwa jumla, kwa sababu havisubiri mtu na haviharibiki upesi. Unga wa ngano haufai: joto la hapa huutia wadudu kabla hujafika nusu ya gunia. Bizari usinunue kwa jumla hata ukipewa bure, itapoteza harufu na utaendelea kuitia kwa aibu ya kuimaliza. Na asiye na chumba kikavu cha kuwekea asijiunge kabisa. Kwa watu wanne faida iliilipia ada na kubakisha kidogo sana. Kwa watano ilibakisha zaidi, na katika hao watano awe mmoja anayependa wali mchana na jioni.

Huyo nilikuwa namjua. Mama mkwe wangu alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sabini; Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha kuwafukuza mbuzi, na baada ya miaka minane Nizwa alikuwa bado anazungumza kama yuko Malindi ya Unguja. Tangu mwanawe mkubwa alipofariki alikaa kwa zamu, mwezi kwangu na mwezi kwa shemegi. Kila mwandamo alifungasha mito yake na birika lake. "Mimi na askari wa serikali," alisema, "hatujui kituo chetu cha mwakani." Katika fomu ya shemegi alikuwa ameandikwa mtu wa kumi.

Nilimwendea Ijumaa, tarehe 18 Novemba, zamu yake ikiwa kwa shemegi. Nilimkuta amekaa ukumbini anachambua mchele kwenye ungo, wajukuu wakipita juu ya miguu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, ukipata pahala."

Nikamweleza yote: kadi, watu watano, siku arubaini. Alisikiliza huku vidole vinafanya kazi. Nilipomaliza akauliza, "Wataka nihesabiwe kwako kwa ajili ya gunia, au kwa ajili yangu?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. "Kwa yote mawili, mama. Nikisema kwa ajili yako peke yako nitakuwa nakudanganya."

"Hapo umesema." Akatupa kijiwe nje ya ungo. "Lakini mie sendi kusema mbele ya watu jambo lisilokuwa. Nikiandikwa kwako, nakaa kwako. Siyo jina likae kwako na kichwa kikae hapa."

"Na shemegi?"

"Shemegi yako ni mwanangu. Hilo niachie mie."

Siku ya Jumatano iliyofuata, tarehe 23, alikuja na mito, birika, ungo na sanduku la mkangazi ambalo hakuwahi kulihamisha katika zamu zote zilizotangulia. Sanduku lilipovuka kizingiti changu, mtaa mzima ulijua. Huko nyuma nilikuwa nimeifikiria heshima yangu tu, wala sikuifikiria ya shemegi. Katika watu wetu, mama kuiacha nyumba ya mwanawe wa kiume akahamia kwa mkwe mjane ni habari, na habari haikosi kutiwa chumvi. Jirani yangu alinieleza habari aliyoileta mumewe kutoka msikitini: kwamba bibi kafukuzwa kwa kelele za mke. Mke yule yule wa bakuli la ziada. Shemegi hakukanyaga kwangu siku kumi. Mama mkwe alikwenda kumwona Ijumaa, akarudi, akasema tu, "Ana hasira. Zitakwisha. Baba yake alikuwa hivyo hivyo." Mimi nililala nikijiambia kwamba kesho nitakwenda kuichukua fomu niliyoipeleka ghalani niichane, na asubuhi sikuichana.

Jumuiya ilituita Jumamosi, tarehe 3 Disemba 1983, asubuhi. Mtu hakuhamishwa kutoka kadi moja hadi nyengine bila wenye kadi wote wawili kuwapo, na yeye mwenyewe kuulizwa. Ofisi ilikuwa meza moja mwishoni mwa ukumbi. Katibu alikuwa mzee wa Nizwa, mpole, mwenye miwani. Shemegi alikuwa amefika kabla yetu. Alimbusu mama yake kichwani, akanisalimia kwa adabu, akatazama ukutani.

Katibu akamuuliza mama mkwe kwa Kiarabu, polepole, anakaa wapi na anakula wapi. Mama mkwe alimfahamu. Kujibu kwa lugha hiyo ndiko kulikomshinda. Akajibu kwa Kiswahili, na mimi nikafungua mdomo kutafsiri. Katibu akainua kalamu.

"Wewe ndiye mwombaji," aliniambia. "Huwezi kuwa ulimi wake." Akamgeukia shemegi. "Tafsiri wewe. Ni mama yako."

Sikuwa nimemfikiria mtu huyo katika nafasi hiyo. Angeweza kusema lolote, na ningelazimika kunyamaza au kumwita mwongo mbele ya mama yake. Katika ukumbi ule hapakuwa na mwengine aliyejua Kiswahili.

Mama mkwe akakaa sawa kwenye kiti. "Mwambie," alisema, "kwamba nakaa kwa mke wa marehemu mwanangu, na nakula kwake. Sikufukuzwa na mtu. Mwanangu huyu hajanipungukia kwa kitu, wala mkewe. Nyumba yao imejaa kheri na kelele, na mie umri huu kheri naiweza, kelele siziwezi. Nimehamia nilikochagua."

Katibu akafuta miwani, akaishika tena kalamu. Shemegi akatafsiri. Alisema anakaa kwa nani na anakula wapi. Alisema hakufukuzwa. Alisema na habari ya kelele, neno kwa neno, na katibu akacheka mpaka akakohoa. Alisema kwamba amechagua mwenyewe. Hapo akaishia.

"Kuna neno limebaki," nilisema.

Katibu alinitazama kwa ukali. Shemegi aligeuka, na usoni mwake nikaona kwamba alidhani nataka kumhasimu.

"Amesema pia," nikaendelea kwa Kiarabu changu cha darasani, "kwamba mwanawe huyu hajampungukia kwa lolote, wala mke wa mwanawe. Amelitafsiri la kuchekesha, la kumsifu yeye ameliruka. Naomba liandikwe."

"Halina nafasi katika fomu," alisema katibu.

"Basi lisemwe nje. Wewe unasali na watu wa mtaa wetu."

Katibu akamwangalia shemegi, akamwangalia mama mkwe, ambaye hakuhitaji mkalimani kujua kilichotokea. "Litasemwa," akajibu. "Nitalisema mimi leo adhuhuri."

Shemegi akavuta kiti karibu na meza. Alisaini fomu yake ambamo mtu wa kumi, na sisi wanne tuliomfuata, tulikuwa tumepigwa mstari, kisha akauliza kama fomu yangu inahitaji shahidi. Katibu akamwambia inahitaji mwanachama mmoja. "Niandike mie," akasema, na kwangu akasema kwa Kiswahili, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, "Wali wa mchana Ijumaa mama anakula kwangu. Hilo silitii kwenye fomu yao."

"Ijumaa ni yako, shemegi," nikamjibu.

Nilisaini chini ya jina lake, jina langu kamili na la baba yangu. Kadi ilipigwa muhuri saa nne na robo za asubuhi ya Jumamosi ile, na penye nafasi ya idadi ya watu wa nyumba, katibu aliandika kwa herufi na si kwa tarakimu: watano.