Mkono wa Mchungaji

Mimi ni muuguzi wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, katika hospitali moja ya Kitui. Juu ya kazi hiyo nimepewa nyingine: kuhakikisha kila anayeingia wodini kwetu amenawa mikono. Naifanya kwa ukali. Nimewahi kumrudisha daktari mlangoni mbele ya wanafunzi wake, na nikafurahia. Akina mama walio wadogo kwangu kwa umri nawasemesha kama watoto wa nasari.

Mmoja wao alitoka Nuu. Alikuwa na mtoto wake wa kwanza, msichana wa kutosha kwenye viganja vyangu viwili. Nilimfundisha mama huyo kunawa mpaka viwikoni, kila mara kabla ya kumgusa. Alinitii kupita kiasi, hata ngozi ya vidole ikampasuka kwa sabuni, na hakulalamika.

Asubuhi moja mchungaji wetu alikuja kuombea wagonjwa. Ndiye aliyenifungisha ndoa na kumzika baba yangu. Alikuwa ametoka wodi ya wanaume, ambako alisalimia kitanda kwa kitanda, na kwetu Ukambani salamu ni mkono. Ukimnyima mtu mkono umemtukana, hasa akiwa mzee. Alininyooshea wake mlangoni petu nami nikaupokea kwa yangu yote miwili. Sinki ilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilijua la kusema, maana nalisema kila siku. Lakini kumwambia mzee yule anawe kwanza kulinishinda. Niliona ni kama kumwambia kwamba ni mchafu, yeye na maombi yake. Nikamfungulia mlango.

Aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto wa yule mama, palipokuwa na sindano ya dripu, akaomba kwa muda mrefu. Niliitikia amina kwa sauti.

Siku mbili baadaye mtoto alipata homa kali. Palipokuwa na sindano palivimba, na maziwa akawa hayataki. Daktari akatuuliza sote, mama akiwepo, "Nani ameguza huyu mtoto bila kuosha mikono?"

Siwezi kuapa kuwa ni mkono ule ulioleta ugonjwa. Ila jibu la swali lake nilikuwa nalo mimi peke yangu. Nami, Mungu anisamehe, nikamtazama mama.

"Labda ni mimi, sista," alisema. "Kuna wakati nilikuwa na usingizi sana. Sijui kama niliosha vizuri."

"Si nilikuambia?" nikamjibu.

Nilisema hivyo, kwa kinywa changu. Nimewahi kuaibika mara nyingi, lakini aibu hii sijapata pa kuiweka.

Mtoto alipona, baada ya sindano nyingi. Mchungaji alitangaza kanisani kwamba Mungu amejibu maombi, watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Siku ya kuruhusiwa nyumbani nilimkuta mama amesimama kando ya kitanda. Vitu vyake vyote vilikuwa vimefungwa, lakini mtoto alikuwa bado amelala palepale. Nilimwuliza anangoja nini.

"Nibebee yeye mpaka kwa gari, sista," aliniambia. "Mikono yako ndiyo safi."

Nikambeba.