Kinywa cha Perege

Juzi, pale kituoni Kwa Mathias, mvua ilishuka ghafla nikamwona mama mmoja akiwafunika wanawe kwa khanga yake. Papo hapo nikasikia harufu ya matope ya mto Ruvu.

Siku moja utotoni, Bibi alikuwa akinifundisha kuvua huko, tumekaa juu ya mwamba uliotuunguza makalio. Nilipomnyanyua perege wangu wa kwanza, visamaki hai vikammwagika kinywani, vikaangukia majini.

“Bibi, amekula watoto wa wenziwe!”

“Ni wanawe hao. Akiona hatari huwaficha humo.”

Kitoweo kingine hatukuwa nacho, lakini Bibi alimtoa ndoana taratibu, akamrudisha mtoni. Perege akatulia, akapanua kinywa, na watoto wakaingia wote.

Njiani nilimtazama sana Bibi mdomoni, nikijiuliza kama nami niliwahi kukaa humo.