Kivuli cha Mbwa wa Ploti

Hadi leo nikifungua gunia la omena, ile harufu ya samaki na jua hunirudisha Kawangware, kwenye ua wa ploti tulimopanga chumba kimoja.

Mwenye ploti alikuwa na mbwa wawili aliowafunga mchana kutwa mbele ya mlango wetu, juani, ndimi nje. Mama alikuwa akiuza omena. Siku moja alishindwa kuvumilia, akafua gunia kuukuu la omena na kulitandaza juu yao, kutoka ukuta wa mabati hadi nguzo ya kamba ya nguo.

"Mama, utaniharibia mbwa," mwenye ploti akasema. "Mbwa ikikaa poa haibweki."

"Itabweka, mzee. Ngoja uone."

Mimi niliyeshika kamba ya kulifungia nilimwamini kabisa. Lakini kabla ya chai ya saa nne, mbwa walinusa omena, wakalivuta gunia chini na kulitafuna. Ploti nzima ilicheka. Mama naye alicheka, akaingia ndani, akatoka na pazia la mlango wetu, lile la maua mekundu, akalifunga palepale. Mchana huo tulikula mlango wazi, majirani wakituona hadi kitandani, na mbwa wakalala kivulini.

Jumamosi mwenye ploti alikuja mlangoni kwetu kama kawaida yake, bila hodi. Mbwa wake mwenyewe wakavuta minyororo wakimbwekea, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye mfereji wa maji.

Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzee, umesikia vile inabweka?"