Jina Ambalo Hatukulipandisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta pumba za mpunga juu ya kibodi. Gazeti letu la mtandaoni lilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukoboa, hapa Ifakara, na mwenye mashine ndiye aliyetufadhili, tulimwita Mkurugenzi. Mhariri, mama mstaafu wa ualimu, alinipangusia kiti na kunipa sharti moja hata kabla ya chai: jina la mtu anayetuhumiwa halipandi mtandaoni mpaka mwenyewe asikilizwe na ushahidi uonekane. Kwa lugha ya kazi tunaita mizania, yaani habari isimame kwa miguu yote miwili. Mimi nilitoka redioni nikijiona najua kila kitu, nikaitikia tu.

Nilianzia kijiji cha Mkula kama mwandishi wa eneo, nikiripoti bei za nyanya na ng'ombe walioingia mashambani, kisha nikarudishwa chumba cha habari. Ndipo mamba akamchukua mpwa wa Mkurugenzi, aliyekuwa akichota maji mtoni kule Kivukoni.

Mkurugenzi alikuja na habari ameshaiandika mwenyewe. Ilisema mamba yule ametumwa kwa uchawi, ikamtaja kwa jina bibi mmoja aliyeishi peke yake kando ya mto huko huko Kivukoni, na picha yake juu. Macho ya Mkurugenzi yalikuwa mekundu kwa kulia, nami nilimwonea huruma sana. Lakini ninyi vijana mnaonisikiliza mnajua kinachompata bibi kama huyo jina lake likishasambaa kwenye simu.

"Watu wote wanajua ni yeye," alisema.

"Kama wanajua, hawatuhitaji sisi," Mhariri akamjibu taratibu. Mkurugenzi alipoondoka, akanituma nikamsikilize bibi.

Nilifika mchana kweupe, nikapiga hodi. "Karibu" ikatoka mtoni, nyuma yangu. Nikageuka: maji matupu, yametulia. Nilipogeukia nyumba tena, mlango ulikuwa wazi na bibi amesimama ndani, kanga imelowa hadi magotini. Huenda sauti husafiri vibaya kando ya maji. Nimejiambia hivyo miaka yote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza kama ninafuga mamba."

Zaidi ya Mhariri, hakuna aliyejua safari yangu. Hata hivyo nikamuuliza swali hilo hilo. Akakamua pindo la kanga.

"Nikisema hapana, utaniamini?"

Nikaliandika swali lake daftarini. Nilirudi ofisini, nikamweleza Mhariri yote, pamoja na kwamba nusu yangu ilikuwa imeshaamini.

"Unaogopa, naelewa," alisema. "Ushahidi unao?"

"Sina."

"Basi tuna msiba na tuna mamba. Andika hivyo."

Nikaandika hivyo, pamoja na tahadhari kwa wachota maji. Jioni ile ile Mkurugenzi alibadilisha kufuli ya ofisi. Tukaendelea na kazi barazani kwa Mhariri, kwa simu zetu wenyewe, wasomaji wachache na matusi tele, mpaka nilipostaafu.

Bibi alikufa kwa uzee, kitandani kwake. Vijana mnaokuja kunisalimia huniuliza alikuwa nani, na kama yaliyosemwa juu yake yalikuwa kweli. Sijui, na kutojua huko kunanitisha mpaka leo. Ila sikukubali mtu auawe kwa sababu mimi naogopa. Kila nikipita Kivukoni naisikia ile "karibu" ikitoka majini. Nasimama, naamkia shikamoo, na jina lake nabaki nalo mdomoni.